Mdomo Uliobaki Kwenye Kioo

Nilikuwa na mikono mizuri, na nilijua, na kujua huko ndiko kulikoniponza.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu yenye kamera ikiwa bado kitu cha kuonyeshwa watu. Studio yetu ilikuwa orofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road, juu ya duka la magauni ya harusi. Tulikuwa wawili tu: mimi, na mwenye studio, mama wa makamo niliyemwita bosi mbele ya wateja na auntie tukibaki peke yetu. Kazi iliyotulisha haikuwa picha za pasipoti. Ilikuwa ile ambayo wateja waliita peinting. Mtu alileta picha yake ya kawaida, nikaiingiza kwenye kompyuta kwa skana, nikaisafisha, kisha nikaipitisha kwenye efekti ya rangi ya mafuta. Kompyuta ilikoroma muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai, halafu uso ukatokea umechorwa kwa brashi ambayo hakuna mtu aliyeishika. Tulichapisha kwenye kitambaa kigumu, fundi wa fremu akamalizia, na mteja akaenda kutundika kwake akiwaambia wageni kwamba alichorwa.

Efekti ile ilikuwa na wema mmoja mkubwa: ilificha. Mikwaruzo, ukungu, kona iliyoliwa na panya, vyote vilizama ndani ya zile brashi. Na pale ambapo hata efekti haikutosha, nilikuwa na folda kwenye kompyuta niliyoiita Vipuri. Humo nilihifadhi vipande nilivyokata kutoka picha za watu wengine: kola, tai, makoti, macho yaliyofumbuka, masikio, meno. Mzee aliyepigwa picha na shati lililochanika alitoka kwetu amevaa suti. Mama aliyefumba macho tulimfumbua. Bosi alipenda kusema kwamba nikiamua naweza kumvalisha kuku viatu, na mimi, badala ya kusikia mzaha, nilisikia sifa.

Jumatatu moja asubuhi akaja mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mtu wa ofisi, koti limepigwa pasi vizuri, amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo. Ndani ya taulo mlikuwa na fremu ndogo, ukubwa wa daftari la shule. Ilikuwa picha ya zamani isiyo na rangi: mwanamume kijana amesimama mbele ya maua ya bustani, kofia mkononi, anacheka. Mteja akasema huyo ni baba yake, aliyefariki yeye akiwa hata hajaanza shule. Picha nyingine zote ziliisha kwenye sanduku lililoliwa na mchwa huko kwao, upande wa ziwa. Hii ilipona kwa kuwa ilikuwa ukutani, ila paa lilivuja miaka mingi na karatasi ikagandamana na kioo.

Kisha akanieleza kwa nini anaitaka kubwa, na nilimsikiliza nusu nusu tu, kwa sababu macho yangu yalishaanza kazi. Mama yake alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, naye akamleta kuishi naye Kileleshwa. Kila siku mama aliuliza mume wake yuko wapi, mume aliyezikwa karibu miaka arobaini iliyopita, na akikosa jibu alitoka kwenda kumtafuta. Mara mbili alilipita geti mlinzi akiwa amegeuka. Mara ya pili walimkuta amesimama katikati ya barabara, magari yanapita huku na huku, anamwuliza kila dereva. Kitu pekee kilichomtuliza ni ile picha. Lakini macho yake yalikuwa hafifu, picha ilikuwa ndogo, na mwanawe aliogopa kioo kitamvunjikia mkononi. Alitaka baba yake awe mkubwa ukutani, mkabala na kiti cha mama.

"Akimwona pale, hatatoka," alisema.

Nikamwambia Ijumaa. Nilisema kama mtu anayeahidi kushona kifungo.

Bosi alikuwa ametoka kwenda benki. Siku yangu ya kwanza kazini alikuwa ameniambia kwamba picha iliyoganda kwenye kioo haiguswi mpaka awepo yeye. Hakuniambia sababu, na mimi ni mtu ambaye nikiambiwa jambo bila sababu, jambo hilo hukaa sikio moja tu. Niliitoa fremu, nikachukua wembe, nikaanza kwenye kona. Maua yalibanduka vizuri. Bega likabanduka. Paji la uso, macho, pua, vyote vikaja bila taabu, na mimi nikaanza kuimba kwa chini. Halafu nikasikia mlio mdogo mkavu, na karatasi ikawa mkononi mwangu yote.

Yote isipokuwa mdomo. Kuanzia chini ya pua hadi juu ya kidevu palikuwa na doa jeupe la karatasi tupu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ule mdomo ulikuwa umebaki kwenye kioo, ngozi nyembamba ya kijivu iliyojikunja pembeni. Macho ya yule mtu yalikuwa bado yanacheka, lakini yanacheka bila kitu cha kuchekea.

Ningeweza kumngoja bosi. Ningeweza kumpigia mteja, namba yake ilikuwa kwenye risiti. Nilichofanya ni kukitia kile kioo chini ya meza, katikati ya vioo vingine vya zamani ambavyo fundi wa fremu huvikusanya na kuvitumia tena, na alasiri yule fundi alipokuja, nikamwangalia anavibeba vyote nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Bado nakumbuka kwamba nilimuuliza habari za watoto.

Picha yenyewe niliifungia kwenye bahasha. Kwenye kompyuta nikafungua Vipuri, nikatafuta mdomo unaocheka, nikampata shemasi mmoja wa kanisa la huko kwetu aliyekuwa ametuletea picha ya sherehe yake ya ndoa. Meno yake yalikuwa mazuri, juu na chini, yamejipanga kama mahindi mabichi kwenye gunzi. Niliukata ule mdomo, nikaupunguza, nikauzungusha kidogo, nikautia weusi na weupe, nikaushonea mahali pake. Kisha nikaweka rangi kidogo ya kahawia, kisha efekti. Nilipoumaliza nilirudi nyuma hatua tatu na, Mungu anisamehe, nilijipongeza. Bosi mwenyewe alisema hajawahi kuona kazi safi hivyo.

Ijumaa mteja alikuja, akasimama mbele ya baba yake kwa muda mrefu. Nilikuwa natazama mikono yake, siyo uso wake. Aliuliza kwa nini anaonekana tofauti kidogo. Nikamjibu upesi mno kwamba ndivyo efekti ilivyo, macho huzoea. Akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na namna ya kunibishia. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipokufa. Alipoomba ile ya zamani, nikamwambia tutakaa nayo kidogo ili tumtengenezee nakala ya pili, ya bure. Akanishukuru. Jioni, nyumbani Mountain View, dada yangu niliyeishi naye aliniuliza kama naumwa.

Alirudi Jumanne, mapema, bosi akiwa kwenye kiti chake. Alikuwa ameibeba picha kubwa imefunikwa leso, na aliiweka mezani bila kuifunua. Hakukaa. Alisema mama yake aliitazama picha akaanza kutetemeka. Aliuliza ni mtu gani huyu ameingizwa nyumbani, na mumewe akija atasema nini. Alikataa kula sebuleni. Akavua leso yake kiunoni, akamfunika yule mtu uso. Jumapili, wengine wakiwa kanisani na msichana wa kazi akiwa jikoni, akatoka. Walimpata mbali safari hii, karibu na daraja, miguu mitupu, goti limechunika.

Kisha akaifunua leso, akaweka kidole chini ya mdomo wa picha.

"Nani aliwekea baba yangu meno?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mara moja, jinsi unavyoelewa kwamba umeacha jiko linawaka. Watu wa ziwa wa rika la baba yake waling'olewa meno sita ya chini walipofika umri wa kuvuka utoto. Ilikuwa desturi yao, alama ya kwamba wewe ni mtu kati ya watu. Nilijua hilo tangu shule ya msingi. Tulikuwa tukitaniana nalo, watoto wa kabila hili na lile, bila adabu. Lakini mteja mwenyewe alikuwa na meno yote, rika lake liliacha, na mimi nilipokuwa nashona ule mdomo sikumfikiria mtu. Nilifikiria pengo, na kazi yangu ilikuwa kujaza mapengo.

Nilifungua mdomo nimwambie. Bosi akanitangulia.

"Hiyo ni efekti tu, sir. Inafanyanga hivyo ikiona mahali peusi. Tutarekebisha."

Yule mwanamume akanitazama mimi, siyo bosi. Aliniuliza kama ni kweli. Na mimi, niliyekuwa nikijisifu kwamba sina woga wa mtu, nikasema ni kweli. Akatupa mpaka Jumamosi. Alisema amemwomba ruhusa mkuu wake kazini akae nyumbani kumlinda mama, na ruhusa ile inaishia hapo. Baada ya hapo mama angebaki na msichana wa kazi na mlinzi, na tayari alishawapita wote wawili.

Mlango ulipofungwa bosi alidai ile picha ya asili. Nikamletea bahasha. Aliitazama kwa muda, akainua uso, na kwa mara ya kwanza sikuona hasira, niliona hofu. Aliniuliza kioo kiko wapi. Nikamwambia. Akafunga macho. Kumbe ile sababu ambayo hakuniambia ilikuwa nyepesi kuliko zote: picha ya hivyo haibanduliwi kwa sababu haina haja ya kubanduliwa. Unasafisha kioo upande wa mbele, unailaza kwenye skana nacho. Na hata baada ya mimi kuibandua, ule mdomo uliobaki kwenye kioo ungeskaniwa hivyo hivyo na kurudishwa mahali pake. Ulikuwepo mzima. Mimi ndiye niliyeutuma kwa fundi.

Nilishuka ngazi nikiruka mbilimbili. Fundi wa fremu alikuwa na kibanda mtaa wa pili, nyuma ya maduka ya jumla, na kufika huko kulikuwa kupenya katikati ya wachuuzi waliotandika viatu hadi barabarani. Nilimkanyagia mmoja bidhaa zake, akanitukania mama, nikaendelea. Nilikuwa nasali kwa sauti. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hadi leo sijayatimiza.

Fundi alinisikiliza akipiga misumari. Vioo vya Jumatatu ya wiki iliyopita? Alinyoosha kidole kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, na pembeni yake wembe. Ndivyo anavyovifanya vyote, akasema, vinapata kung'aa. Nilimuuliza kama alikumbuka kimoja kilichokuwa na kitu kimeganda katikati. Alikumbuka. Alisema kilimsumbua kutoka. Kisha akanionyesha kilipo: kilikuwa kimekatwa na kuwekwa juu ya picha ya msichana mwenye joho la mahafali, safi kabisa, kikisubiri kuchukuliwa. Nilisimama pale nikitazama kioo kisicho na kitu. Fundi akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Wazo la kile kilichofuata lilikuwa la bosi, ila mikono ilikuwa yangu, kwa hiyo simlaumu. Alisema mdomo wa aina ile haumo kwenye Vipuri, lakini upo Kileleshwa. Mama wa rika lile, kutoka kule, atakuwa naye aling'olewa. Nikampigia mteja nikamwambia kwamba tungependa kumpiga picha mama, tuwaweke wote wawili pamoja, mume na mke, huenda akijiona kando yake atatulia. Sauti yake ilibadilika kabisa. Akasema hilo hakulifikiria, akasema Mungu anibariki. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu naona ilikuwa inarefuka kila siku.

Alhamisi nikaenda na kamera ya studio, ile ya kidijitali iliyokula betri nne kwa mkupuo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, mwembamba, mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi. Mwanawe alikuwa ameniambia kwamba alimlea kwa kuuza samaki sokoni hapa Nairobi, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Nilimsalimia, nikamwita shosho, jinsi tunavyowaita bibi wazee. Aliniuliza kama nimemwona mzee njiani. Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Mara ya tatu nikaangalia chini.

Picha ya uso uliotulia niliipata upesi. Niliyohitaji ni ya kicheko, na unamchekesha vipi mtu anayemtafuta mumewe? Nilijaribu utani, hakunisikia. Nilijaribu kucheka mimi mwenyewe ili anifuate, akanitazama kwa huruma. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na nilihisi jasho likinitoka kwapani. Nikaigeuza kamera kuangalia betri, kifuniko kikafunguka, na zote nne zikaanguka na kubingirika chini ya kochi. Nikapiga magoti, nikalala kifudifudi, mkono wote chini ya kochi, sketi imepanda, natafuta betri na kujigonga kichwa. Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Shosho alikuwa anacheka. Alicheka kwa mwili wote, kichwa nyuma, mdomo wazi, ufizi wa chini unaonekana mweusi na mtupu. Nilikuwa na betri mbili mkononi na nyingine bado sijazipata. Sijawahi kupapasa sakafu kwa nguvu namna ile. Nilipozitia na kuinuka alikuwa bado anacheka, akinisonda kidole, na nikabonyeza mara tatu kabla hajanyamaza.

Jioni ile na siku nzima ya Ijumaa nilifanya kazi bila kuimba. Nilimtoa shemasi. Nikaukata mdomo wa shosho, nikaupanua taya kidogo, nikauweka mahali pa ule uliooshwa na sabuni. Ulikaa. Ulikaa vizuri kiasi kwamba niliogopa. Kando ya mume nikamweka shosho mwenyewe, kwa ile picha ya kwanza, midomo imefungwa. Kicheko chake nilimpa mumewe, yeye nikamwachia utulivu. Kisha nikabonyeza efekti na kuwaacha wote wawili wazame kwenye brashi.

Jumamosi niliipeleka mwenyewe. Ile bahasha nayo niliibeba kwenye mkoba, sijui kwa nini. Nadhani sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imechoka. Mwanawe alitundika picha mkabala na kiti, akamleta mama kwa mkono, akamkalisha. Msichana wa kazi alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

Shosho alitazama. Alisogeza kichwa mbele. Nilikuwa naangalia mikono yake kwenye mikono ya kiti, nikingoja ianze kutetemeka, na haikutetemeka. Akamtaja mumewe kwa jina, polepole, mara mbili, na mwanawe akafunika macho kwa kiganja. Nilitaka kuondoka wakati huo huo. Ningeondoka wakati ule, nisingekuwa na la kuandika.

Kisha shosho akasema, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, na alikuwa anazungumza na mimi.

"Huyu ni mzee. Lakini hiyo kicheko ni yangu. Mbona ulimpa?"

Alikuwa hakumbuki chakula cha asubuhi. Hakumbuki mumewe amekufa. Lakini jungu kuu halikosi ukoko, na mdomo wake mwenyewe aliujua. Mwanawe akamtazama mama, akatazama picha, akatazama mama tena. Alimuuliza kitu kwa lugha yao. Shosho akajibu kwa kuonyesha: akainua upande mmoja wa mdomo, wa kushoto, upande wa pili ukabaki umelala, kicheko cha mtu anayezuia kucheka na kushindwa. Hivyo ndivyo alivyocheka mzee. Hivyo ndivyo alivyokuwa anacheka kwenye ile picha, na mimi niliyeishika mkononi sikuwa nimeona.

Nikatoa bahasha. Nilimwambia mwanawe yote, nikiwa nimesimama, kuanzia wembe hadi beseni la fundi. Sikumtaja bosi. Yule mwanamume aliitoa picha ndogo akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole gumba juu ya lile doa jeupe, mara moja tu.

"Mimi sikumbuki baba akicheka," alisema. "Hii picha ndio ilikuwa inanikumbushanga."

Nilimwomba msamaha. Alitazama ukutani, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameegemea kiti na kuvuka miguu, na niliona akipima jambo ambalo mimi nilimlazimisha kulipima. Alimuuliza mama, kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie, kama aishushe ile picha.

"Wacha akae na hiyo kicheko," shosho alisema. "Nitachukua nikienda kwake."

Hakuinuka kwenda getini siku ile. Mwanawe alinisindikiza chini mpaka kwa mlinzi, ile picha ndogo ikiwa kwenye mfuko wake wa shati. Mlinzi alipokuwa anafungua, yule mwanamume akaongea, na alikuwa hakasiriki, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Ungeniambia hiyo siku, ningekasirika siku moja."

Akarudi ndani. Sikupanda gari. Nilitembea kupitia Lavington hadi Mountain View, mkoba umekuwa mwepesi, na njiani nilijikuta nikiinua upande wa kushoto wa mdomo wangu, nikijaribu kucheka jinsi shosho alivyoonyesha, nisije nami nikakisahau kicheko kile.